Estrojeni na Jeni za Mji wa Mimba

Estrojeni ni homoni ya jamii ya steroidi, itengenezwayo katika ovari kutokana na kolesteroli, nayo, ijapokuwa huzunguka na damu mwili mzima, athari yake hudhihiri zaidi katika viungo vya uzazi. Sababu ilibainika Chicago, Marekani, ambako Elwood Jensen na Herbert Jacobson waliwadunga panya majike wasiobaleghe estradioli iliyotiwa tritiamu, yaani haidrojeni yenye mnururisho, wakaona, kufikia mwaka 1958, kwamba misuli iliiachilia upesi ilhali mji wa mimba uliishikilia kwa saa kadhaa pasipo kuigeuza. Na huo, kwa hakika, ni katika ushahidi ulio bora kabisa wa elimu ya homoni, kwani ulijulisha kuwapo kwa kipokezi cha estrojeni katika mji wa mimba.

Kipokezi hicho, ambacho ni protini, kikishashikamana na homoni hujifunga mahali mahsusi katika DNA, ndani ya kiini cha seli, kikazikusanya protini nyingine za kukisaidia, na jeni husika zikaanza kunakiliwa. Miongoni mwa jeni hizo imo ile ya kipokezi cha projesteroni, homoni nyingine ya ovari, hata projesteroni, ifikapo baada ya yai kutoka, hukuta makao yake yamekwisha tengenezwa, nayo huzuia ukuaji ulioamrishwa na estrojeni na kuuandaa utando wa ndani wa mji wa mimba upokee mimba.