Vibao Vyeupe na Vyeusi: Jarida la Daktari wa Peckham, 1933–1939

Studio za ubunifu zinazotengeneza nembo, mabango na majarida ya mashirika ya hisani hukabiliwa na swali moja kabla ya yote: shida ya mtu ionyeshwe vipi bila kumdhalilisha mwenye shida? Swali hili halikuletwa na kompyuta. Miaka ya 1930 lilikuwa tayari mezani huko Peckham, kusini mwa London, katika nyumba ya daktari mmoja. Makala hii inajadili jarida lililotokana na kazi ya nyumba hiyo, na inadai kwamba alama ya jarida hilo haikuwa pambo. Ilikuwa msimamo wa kisiasa, na msimamo huo ulikuwa na gharama yake.

Daktari huyo ni Harold Moody, aliyezaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1882. Alifika London mwaka 1904 kusomea udaktari, akafuzu vizuri, lakini akanyimwa kazi hospitalini kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1913 alifungua zahanati yake mwenyewe Peckham, na mwaka 1922 akahamia nyumba namba 164 Queen's Road. Waafrika na Wakaribi waliokataliwa vyumba vya kupanga, au kufungiwa milango ya ajira, walijua pa kubisha hodi. Tarehe 13 Machi 1931 msaada huo wa mtu mmoja ukageuka chama: League of Coloured Peoples, yaani Umoja wa Watu wa Rangi, Moody akiwa rais wake.

Julai 1933 Umoja ulianza kutoa jarida kila baada ya miezi mitatu, likiitwa The Keys. Jina lilitokana na mfano wa vibao vya piano uliotumiwa na Dk. James Aggrey, msomi wa Gold Coast: unaweza kupiga wimbo kwa vibao vyeupe peke yake, au kwa vyeusi peke yake, lakini ulinganifu kamili wa sauti hutaka vyote viwili. Kwetu Aggrey si mgeni. Alipita Afrika Mashariki mwaka 1924 pamoja na Tume ya Phelps-Stokes, na Mtaa wa Aggrey upo Kariakoo, Dar es Salaam, hadi leo. Kwa Kiingereza neno hilohilo lina maana ya funguo pia. Kwa watu waliofungiwa milango, lilikuwa jina lenye kazi mbili.

Jarida liliendeshwa kwa kujitolea zaidi kuliko kwa fedha. Una Marson, mshairi wa Jamaika aliyefika London mwaka 1932 na kukaa nyumbani kwa Moody, alifanya kazi ya ukatibu bila mshahara, kisha akalihariri jarida. Mwaka 1935 Umoja ulichunguza hali ya mabaharia weusi wa Cardiff, raia wa Dola ya Uingereza waliokuwa wakihesabiwa kuwa wageni na kukosa kazi melini. Tofauti yake na matangazo mengi ya hisani tuliyoyazoea ni hii: walioandikwa na walioandika walikuwa watu wa kundi moja. Msomaji hakuombwa kuhurumia sura asiyoijua jina. Aliwekewa mezani hoja na ushahidi.

Hata hivyo, alama ya vibao ilibeba ahadi nzito, kwamba mweupe na mweusi wangeweza kupatana ndani ya dola ileile. Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia, na madola ya Ulaya hayakuizuia. Baadhi ya waliouona mwendo wa Moody kuwa wa upole mno walisonga mbele kwa njia nyingine. Mwaka huohuo C.L.R. James aliongoza chama cha marafiki wa Ethiopia, na katibu wake alikuwa Jomo Kenyatta, aliyekuwa London kudai ardhi ya Wakikuyu. Marson naye alifanya kazi katika ubalozi wa Ethiopia, na mwaka 1936 akafuatana na Haile Selassie hadi Geneva.

Je, Moody alikosea kuchagua alama ya upatanifu? Kwa maoni yangu, hapana, ila haikutosha. Iliuwezesha Umoja kusikilizwa katika ofisi ambazo zisingempokea James wala Kenyatta, na waliofaidika ni watu waliohitaji kazi na chumba wiki ile ile, si baada ya uhuru. Lakini mfano wa piano haumtaji mpigaji. Ethiopia ilidhihirisha kwamba anayeshika kinanda ndiye anayeamua kibao kipi kiguswe, na hilo ndilo jambo Kenyatta na wenzake walilolipigania.

The Keys lilikoma mwaka 1939, na Moody akafariki mwaka 1947. Leo kuna kibao cha kumbukumbu kwenye ukuta wa nyumba yake. Kwa sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao huenda kesho tukaitwa kutafsiri au kuandika bango la shirika la misaada, historia hii inatupa maswali mawili ya kuuliza kabla ya kushika kalamu: mwenye shida ameshirikishwa kuchagua maneno haya? Na picha hii inamficha nani?