Vinywaji Vitano na Kimoja Nilichokikataa

Ndugu msomaji, kabla hujasema kwamba jarida letu limegeuka kilabu cha pombe, nisikilize kidogo. Kiangazi kilichopita nilikwenda Kasulu kumaliza matanga ya bibi yangu, mzaa mama. Nilitoka Dar na daftari jipya, nikiamini nitarudi na shairi. Wapi! Nilichorudi nacho ni orodha ya vinywaji nilivyoonja, na pembeni ya kila kimoja maneno mawili matatu: "kinakata", "kizito", "hiki ni cha wazee". Nilipokuja kuisoma chumbani kwangu nikashtuka. Kumbe nilikuwa nimeandika historia ya Uha bila kujua. Basi leo nakupitisha kwenye orodha hiyo. Wewe usiyekunywa usiogope, hapa hatulewi, tunasoma tu.

1. Pombe ya ndizi

Hii ndiyo ya kwanza kwa sababu ndiyo niliyokuta msibani. Mama mdogo alinipa kwenye kibuyu, akaanza kuonja yeye mwenyewe kabla ya kunikabidhi. Kwa watu wa huku hiyo ni adabu: mwenye pombe anakunywa kwanza ili mgeni ajue hakuna kilichotiwa ndani. Daftari langu linasema: "Tamu mbele, chachu nyuma. Harufu ya ndizi mbivu na moshi. Inateremka kirahisi mno, tahadhari."

Inatengenezwaje? Ndizi za pombe haziliwi kama ndizi nyingine, maana zina ukakasi. Zinakatwa bado mbichi, zinafukiwa kwenye shimo lililopashwa moto na kufunikwa majani ya mgomba, zinakaa siku kadhaa mpaka ziive. Baadaye zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi mdogo wa kuchonga pamoja na majani makavu, zinakandwa mpaka juisi itoke. Juisi ikichujwa ni ya watoto. Ikitiwa maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, ikafunikwa mahali pa joto siku moja mbili, siyo ya watoto tena.

Sasa angalia ramani. Ukivuka mpaka kuingia Burundi, kinywaji hiki kinaitwa urwarwa. Rwanda ni urwagwa. Kwa Wahaya kule Kagera ni rubisi. Shimo ni lile lile, majani ni yale yale, mtama ni ule ule. Kiha na Kirundi vyenyewe ni ndugu wa karibu, Mha na Mrundi wanaongea bila mkalimani. Mpaka umekuja juzi tu. Mpaka mwaka 1916 Uha, Burundi na Rwanda zote zilihesabiwa ndani ya koloni la Wajerumani. Vitani Wabelgiji wakaja wakachukua, na Uha yenyewe ikakaa chini ya Mbelgiji hadi mwaka 1921, alipokabidhiwa Mwingereza. Wakubwa wa Ulaya wakagawana nchi kwa kalamu, ila pombe haikupata taarifa.

2. Pombe ya mtama

Hii niliinywa siku ya tatu, kwa jirani, kwa mrija, kutoka chungu kimoja na wazee wanne. "Nzito kama uji, chungu kidogo, inashibisha. Kinywaji cha mtu aliyelima." Kweli ndivyo ilivyokuwa. Ukitaka watu waje kukusaidia shamba, hukuwalipa hela, uliwapikia. Watu wanalima asubuhi, jioni wanakaa kwenye chungu. Ndiyo maana mzee mmoja aliniambia, "Mjukuu wangu, zamani pombe ilikuwa mshahara usioibiwa."

Lakini mkoloni alitaka kodi, na kodi hailipwi kwa chungu. Inalipwa kwa fedha, na Uha haikuwa na fedha. Mashamba makubwa ya mkonge yalikuwa Tanga na Morogoro, mbali kabisa. Hivyo Uha, pamoja na Burundi ya jirani, ikageuzwa shamba la kuotesha vibarua. Vijana waliandikishwa, wakapewa namba, na kutoka kwenye hiyo namba tukapata neno la Kiswahili: manamba. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikata mkonge Tanga miaka mingi kiasi kwamba aliporudi, mtoto wake wa kwanza alimwamkia kama mgeni.

Wanaume walipoondoka nani alibaki? Wanawake. Na mwanamke aliyebaki na kodi, chumvi, nguo za watoto na baadaye ada ya shule, alikuwa na kitu kimoja alichokijua vizuri ambacho kingeweza kuuzwa sokoni kwa senti taslimu. Hapa ndipo pombe ilipoacha kuwa ya kuitana shamba tu, ikawa biashara. Serikali nayo haikulala: ikaweka vibali, ushuru na saa za kufungua. Yaani aliyekuwa akipika kwa ajili ya harusi ya mwanawe sasa alihitaji karatasi.

3. Pombe ya asali

Kwa hii nilipanda basi hadi Kibondo, kwa binamu yangu. Njiani tulivuka Malagarasi, na baada ya hapo migomba ikaanza kupungua, miombo ikatawala. Huku ni nchi ya nyuki. Mizinga ya magome na magogo unaiona imelazwa kwenye matawi. Wapo wanaoiita pombe yake wanzuki: asali, maji, chachu, na uvumilivu. Daftari: "Kali kuliko inavyoonekana. Inawasha kooni kama dawa ya kikohozi halafu inakuachia utamu. Glasi moja inatosha. Nilikunywa mbili."

Binamu alinionyesha mahali fulani porini penye miembe mikubwa imejipanga, wala hapana nyumba hata moja. Akasema, "Hapa palikuwa kwa kina babu, kabla ya operesheni." Mwaka 1972 serikali iliendesha Operesheni Kigoma, watu wakahamishwa kutoka kwenye mahame yao ya kutawanyika wakapelekwa kwenye vijiji vya pamoja. Nia ilitangazwa vizuri: shule, zahanati, maji karibu. Sibishi, na mama yangu alisoma kwenye shule ya kijiji cha namna hiyo. Ila fikiri kidogo kama mpishi wa pombe. Mbegu ya mahindi unaifunga kwenye kitambaa unaondoka nayo. Migomba ya miaka thelathini huibebi. Mgomba mpya unahitaji mwaka na zaidi kabla haujakupa mkungu wa kwanza. Kwa hiyo kila aliyehamishwa aliacha nyuma kiwanda chake. Wengine wakageukia mahindi, wakapika komoni na kangara. Ukisikia mzee wa huku anasema pombe ya siku hizi siyo pombe, usimcheke haraka. Huenda anazungumzia shamba lake.

4. Safari, baridi

Jioni moja Kibondo mjini nikachoka na vibuyu. Nikaingia baa, nikaagiza Safari. "Baridi! Chungu safi, mapovu, hakuna cha kutafuna." Nakiri ilinikonga roho. Mimi ni kijana wa mjini, jamani.

Lakini chupa nayo ina ukoo. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, huku huku Kigoma, alifungua chupa ya shampeni aliyoibeba kutoka pwani kwa ajili ya siku hiyo. Chupa imetembea kwa miguu zaidi ya kilomita elfu moja vichwani mwa watu ambao hawakuonjeshwa. Huo ukawa ndio utaratibu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ilizuia pombe kali za Ulaya zisiuzwe kwa Waafrika, kwa maelezo kwamba ni kwa faida yetu. Kiwanda cha bia kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, na reli ilikuwa imeshafika Kigoma tangu 1914, ila bia ya chupa ilikuwa ya Mzungu. Mwafrika alikuwa na "pombe ya kienyeji". Baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo milango ilipoanza kufunguliwa kidogo kidogo.

Unaona sasa hilo neno lilivyokaa? Burton na Speke, waliofika Ujiji mwaka 1858, waliandika "pombe" kwenye vitabu vyao kama jina la kawaida la kinywaji. Leo hii mtu akisema "nakunywa bia" anaonekana mstaarabu, akisema "nakunywa pombe" anaonekana amepotea. Kilevi ni kile kile. Tofauti ni kwamba cha kwanza kimepita kiwandani. Na kiwanda chenyewe kimepita mikononi mwa wengi: serikali ilichukua hisa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, Waafrika Kusini wakaingia mwaka 1993, na mwaka 2016 jina kubwa kutoka Ubelgiji likainunua kampuni mama. Mbelgiji tena! Safari hii amerudi bila bunduki, kaja na kreti.

5. Primus

Hii nilionjeshwa na mzee mmoja Kasulu aliyeitunza kama dawa. Primus ya Burundi, chupa kubwa ya sentilita 72. "Nyepesi, tamutamu, haina haraka." Brarudi, kiwanda cha Bujumbura, kilianzishwa mwaka 1955, na mzee anasema miaka ya themanini, wakati bia ya Dar ilipokuwa inaadimika kama sabuni, Primus ilikuwa inapita mpakani usiku kwa miguu.

Kisha wakapita watu. Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa, na Warundi kwa maelfu wakaingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 na 1997 wakaja Wakongo. Mtabila, Muyovosi, Nduta, Kanembwa, Nyarugusu: majina ya vijiji na misitu yakawa majina ya kambi. Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka tena, na Nduta ikafunguliwa upya. Mama mdogo anakumbuka wanawake wa kambini waliokuja kununua ndizi za kupikia pombe. "Nilidhani nitawafundisha," akaniambia. "Mmoja akanisogeza pembeni, akashika mtumbwi, akaanza kukanda. Alikuwa ananizidi. Tukacheka, halafu akalia." Alikuwa ameacha shamba la migomba upande wa pili wa mlima, akawa anakanda ndizi za kununua.

6. Nilichokikataa

Gongo. Sheria ya mwaka 1966 imeipiga marufuku isipokuwa kwa kibali, hata hivyo ipo. Nililetewa kwenye chupa ya soda. Nilinusa, macho yakatoka machozi, nikarudisha. Mjomba wangu aliyeniletea ana miaka hamsini na mikono yake inatetemeka asubuhi. Naandika hili makusudi, ili usidhani nimekuja hapa kuimba sifa za pombe. Ardhi ile ile iliyomsomesha mama yangu imemlaza mjomba mtaroni.

Ndiyo, imemsomesha mama. Na mimi pia. Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo sikutaka kuliandika.

Nikiwa sekondari, fomu zilikuwa na mstari wa kazi ya mlezi. Mlezi wangu alikuwa bibi. Kila mwaka niliandika "mkulima". Bibi alikuwa mpika pombe. Shimo, mtumbwi, vibuyu, Jumamosi sokoni, Jumatatu hela kwenye kitambaa kilichofungwa mafundo matatu. Siku moja aliniletea ada shuleni mwenyewe. Alinukia ndizi. Wenzangu wakaziba pua, na mimi, ndugu msomaji, nikacheka pamoja nao. Aliniita "mume wangu" kama kawaida yake, akanikabidhi kile kitambaa, akageuka na safari yake ya miguu. Hakuwahi kunikumbusha siku ile. Ningefurahi kama angenigombeza.

Siku ya mwisho Kasulu nilimkuta mama mdogo anataka kuupasua ule mtumbwi kuni. Una ufa, na watoto wake hawataki kazi hiyo. Nikamwambia asiupasue, nipe mimi.

Akaniangalia juu mpaka chini. "Baba, utaukandia wapi ndizi, Sinza?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba basi anieleze kila kitu, hatua kwa hatua, nami niandike. Tukakaa mpaka taa ikaisha mafuta. Unene wa majani, kipimo cha unga, namna ya kujua kwa sikio kwamba chungu kimeanza kuchemka chenyewe. Kurasa kumi na moja. Arusha wapo waliotia pombe ya ndizi kwenye chupa na lebo, na inauzwa. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kitu hiki hakina kesho. Swali ni nani ataandikwa kwenye lebo.

Wewe unayetaka kuwa mwandishi na unalalamika huna cha kuandika, nenda kamuulize bibi yako alikulipia ada kwa kitu gani. Andika kazi yake kwa jina lake. Mimi fomu zangu siwezi kuzirudia, zimeshaliwa na mchwa kwenye kabati la shule. Ila hapa nipo huru kujaza upya.

Kazi ya mlezi: mpika pombe, Kasulu.