Mbwa Kali, Mbwa Shenzi, Mbwa Mpole

Wakenya wengi tulimjua mbwa kwanza kupitia kibao. Kimepigiliwa getini, rangi imeanza kubanduka, maneno ni mawili tu: MBWA KALI. Mwalimu wa Kiswahili angekisahihisha papo hapo, manake mbwa ni kiumbe mwenye uhai na sarufi inamtaka awe mkali. Lakini nani amewahi kuona kibao cha MBWA MKALI? Kibao kinaongea Kisetla, kile Kiswahili cha amri cha mashamba ya walowezi na jikoni mwao, kisichojali upatanisho bora tu anayeambiwa asikie na aogope. Mwaka wa 1936 kulitoka hata kitabu cha kuwafunza wanajeshi, walowezi na wake zao lugha ya aina hiyo, Up-Country Swahili cha F. H. Le Breton. Walowezi wengi walienda zao, kibao kikabaki. Siku hizi kinatundikwa hata kwenye nyumba isiyo na mbwa.

Nalitaja hili kwa sababu ya swali linaloulizwa sana na watu wanaohamia nyumba zenye kiwanja kidogo, au mzazi ambaye mtoto amemlilia mwezi mzima: nichukue mbwa gani mtulivu, anayependa watu, asiyeniletea kesi na majirani? Jibu huja haraka kama menyu ya hoteli. Chukua Golden Retriever. Kama huna pesa hizo, Labrador. German Shepherd ni wa ulinzi. Na mbwa koko? Huyo hata hatajwi.

Hebu tuanze na huyo asiyetajwa. Walowezi wa Kenya walikuwa na jina lake: shenzi. Neno hilo walilikuta. Pwani, mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye wa mji, asiyehesabiwa miongoni mwa waungwana. Wakoloni wakalichukua na kulitandaza juu ya kila kitu cha Mwafrika ambacho hakikuwapendeza, mbwa wake akiwemo. Neno hilo hilo lilisafiri na misafara hadi Kongo, likaingia Kilingala kama basenji, na huko likapata bahati ambayo halikuipata kwetu. Wazungu waliwapenda mbwa wadogo wa uwindaji wa misituni Kongo, wenye mkia uliojikunja na ambao kwa kawaida hawabweki. Wa kwanza walioonyeshwa Uingereza mwaka 1895 waliugua wakafa. Miaka ya 1930 Olivia Burn aliwaleta wengine, na mwaka 1937 walipoonyeshwa Crufts, London, watu walisongamana kuwatazama. Wakasajiliwa kwa jina la Basenji. Yaani mbwa wa washenzi, na cheti juu.

Binamu yake wa Machakos au Kisii hakupanda meli. Akabaki koko. Lakini mtazame huyo koko vizuri. Ameishi bomani vizazi na vizazi bila mnyororo, katikati ya watoto, kuku na wageni wanaoingia bila hodi. Anayeuma watoto wa boma hapewi nafasi ya pili. Rungu humkuta kabla hajazaa sana. Hakuna aliyeandika kitabu cha ukoo wake, ila uchaguzi ulifanyika, na ulikuwa mkali kuliko wa mashindano yoyote ya mbwa. Sisemi kila koko ni mpole. Wapo waoga, wapo wezi wa mayai, na kundi lililozoea jalala usiku si la kuchezewa. Nasema tu kwamba tuliambiwa ni shenzi na tukaamini.

Mbwa wa mlowezi naye alikuwa na kazi. Alilinda nyumba iliyokuwa mbali na nyumba nyingine, kwenye ardhi ambayo wenyewe walikuwa wamesukumwa pembeni, na aliyetakiwa kumwogopa alijulikana kwa rangi ya ngozi. Hatuhitaji kubuni mfano. Tarehe 12 Oktoba 1959, jijini Nairobi, Peter Poole, Mzungu mwenye mbwa, alimpiga risasi na kumuua Kamawe Musunge, mfanyakazi wa nyumbani. Kosa la Musunge lilikuwa kuwatupia mawe mbwa wa Poole. Mtu yeyote aliyewahi kukimbizwa na mbwa barabarani anajua kwamba kuokota jiwe hakuhitaji mawazo. Mkono unashuka wenyewe. Juri ya Wazungu watupu ilimpata Poole na hatia ya mauaji. Maombi ya huruma yakapelekwa kwa gavana, Sir Patrick Renison, naye akayakataa. Poole alinyongwa tarehe 18 Agosti 1960, Mzungu wa kwanza nchini kunyongwa kwa kumuua Mwafrika. Wanahistoria huikumbuka kesi hii kama dalili kwamba utawala ulikuwa unayumba. Mimi hurudi kwa lile jiwe. Kwa miongo mingi, njia ya Mwafrika kwenda kazini ilipita mbele ya meno ya mbwa wa watu, na jiwe lilihesabiwa uchokozi.

Basi ukimsikia mzee akikataa katakata mbwa asiingie sebuleni, usikimbilie kusema Waafrika hawapendi wanyama.

Upole wa ile menyu nao ulitengenezwa. Golden Retriever ana rekodi iliyo wazi kuliko mbwa wengi. Dudley Marjoribanks, tajiri aliyekuja kuitwa Lord Tweedmouth, alikuwa na shamba la uwindaji huko Guisachan, nyanda za juu za Uskoti. Mwaka 1868 alimpandisha dume wa manjano aliyeitwa Nous kwa jike Belle, wa aina ya Tweed Water Spaniel ambayo siku hizi haipo tena. Wakazaliwa wanne wa manjano: Ada, Cowslip, Crocus na Primrose. Kwa muda mrefu watu walisimuliana kwamba mbwa hawa walitoka kwenye sarakasi ya Warusi, hadi vitabu vya shamba lile vilipochapishwa mwaka 1952 na hadithi ikaisha. Tweedmouth hakuwa akitafuta rafiki wa watoto. Alitaka mbwa wa kukaa kimya miguuni pa mwindaji bunduki zikilia, aende majini akiambiwa, amrudishe ndege bila alama ya jino. Mbwa wa papara hakufaa, wala anayeng'ang'ania nyama. Upole tunaoununua leo ni mabaki ya kazi hiyo. Na kazi hiyo ilihitaji mbio na maji kila siku, jambo ambalo muuzaji hakuambii anapokuletea mmoja kwa bedsitter ya Roysambu.

Je, damu inatosha? Miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, watafiti John Paul Scott na John Fuller walilea mbwa wa aina tano, Basenji wetu akiwa mmoja wao, na mwaka 1965 wakatoa kitabu kikubwa kuhusu urithi na tabia za mbwa. Jaribio ninalolirudia zaidi lilifanywa kwenye maabara hiyo hiyo na kuchapishwa mwaka 1961. Daniel Freedman na wenzake waliwalea watoto wa cocker spaniel na beagle, aina ambazo kila orodha ya mbwa wapole inazo, ndani ya uwanja wenye ua mrefu. Baadhi yao walitolewa kwa wiki moja moja wachezewe na watu. Wengine hawakuguswa na mtu hadi walipofikisha wiki 14. Hao wa mwisho walitoka wakiwa kama wanyama wa porini. Walimkimbia binadamu, na kuwafunza kutembea na kamba ilikuwa shida tupu. Damu ya upole walikuwa nayo yote.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti mpana zaidi, majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000, machotara wengi wakiwemo. Aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kurudisha vitu na kutii amri vilifuata damu kiasi. Wepesi wa kukasirika haukuifuata sana. Asilimia 9 si sifuri, na sitamshauri mtu aende kumchukua mbwa aliyezalishwa kwa kupigana eti utafiti umesema. Lakini inaacha nafasi kubwa mno ambayo menyu haiijazi.

Kwetu nafasi hiyo tunaijazaje? Vilebu hutolewa kwa mama yao wakiwa na wiki nne, tano, wakauzwa kando ya barabara ndani ya katoni. Wakifika, hufungiwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba mchana kutwa ili "wasizoee watu", kisha hufunguliwa usiku. Hiyo ni mbinu ya kutengeneza mbwa kali, na tunaitumia hata kwa Labrador aliyenunuliwa kwa ajili ya mtoto. Uwanja wa Bar Harbor tumeujenga upya kwa mabati.

Kwa hiyo kwa aliyeuliza: usianze na jina la aina. Omba kumwona mama. Akikunja mkia na kujificha, au akikurukia na mwenyewe akacheka, ondoka. Uliza kama vilebu wameshikwa na watu tofauti, watoto na wazee, na kama wamesikia redio na pikipiki. Wachukue wakiwa na wiki nane hivi. Ukichelewa hadi baada ya wiki 14 na hawajawahi kuguswa, unanunua kazi ngumu. Chanjo ya kichaa cha mbwa usiiahirishe. Na kama jirani ana jike koko aliyezaa chini ya lori bovu, na watoto wa ploti wamekuwa wakiwabeba wale wadogo kila jioni tangu walipofungua macho, nenda huko kwanza kabla hujatoa pesa.