Mapendo Yataka Utaratibu



Tukisikia kwamba nyumba ya jirani imeangushwa na mvua, au kwamba mjane hana unga, twaona huruma, twapeleka kitu siku ile ile, kisha twasahau. Juma la pili jirani alala tena na njaa. Basi, tutazame leo jinsi Eklezya ilivyojifunza tangu mwanzo kwamba huruma peke yake haitoshi.

Kitabu cha Matendo ya Mitume chatusimulia habari za Wakristu wa kwanza wa Yeruzalemu. Kila siku waliwagawia wajane chakula. Lakini manung'uniko yalitokea, kwa sababu wajane wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakuacha kugawa. Waliwakusanya waamini, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, kati yao Stefano na Filipo, wakawawekea mikono. Hivyo kazi ya mapendo ilipata watu wa kuiangalia, ili asiachwe mtu kwa ajili ya lugha yake.

Tuje sasa Ufaransa, katika parokia ya Châtillon. Dominika moja ya Agosti 1617, padri Vincent de Paul aliambiwa kwamba katika nyumba iliyo mbali na mji, jamaa nzima ilikuwa mgonjwa, wala hakuna wa kuwasaidia. Akaisema habari hiyo katika mahubiri. Alasiri alipokwenda kuwatazama, aliona njia imejaa watu wanaokwenda na wanaorudi, na nyumba imejaa mkate na nyama. Akafurahi, tena akafikiri: chakula hiki ni kingi kwa siku moja, kingine kitaoza, na kesho wagonjwa hawa watakosa tena. Siku chache baadaye aliwakusanya wanawake wa parokia, wakapatana kupokezana siku: leo huyu apike na kupeleka, kesho mwingine. Akawaandikia sheria. Wamsalimu mgonjwa kwa upole na furaha. Waanze kwa yule mwenye watu nyumbani, wamalizie kwa yule aliye peke yake, wapate kukaa naye zaidi. Baadaye, katika miaka ya 1640, alijenga Paris nyumba ndogo 13 kwa ajili ya watoto waliotupwa.

Zaidi ya miaka 200 baada ya Châtillon, Paris ilikuwa imejaa maskini, na mwaka 1832 ugonjwa wa kolera uliua maelfu ya watu. Watu wasiosadiki waliwauliza wanafunzi Wakatoliki ni kazi gani dini yao ilikuwa ikifanya kwa ajili ya maskini. Tarehe 23 Aprili 1833, siku alipotimiza miaka 20, Frédéric Ozanam na wenzake wachache walianza chama, wakakiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Vincent. Sista Rosalie Rendu, aliyezijua jamaa maskini za mtaa wa Mouffetard, aliwafundisha kuzitembelea na akawapa vyeti vya kupokelea mkate. Hawakuwaita maskini waje kupanga mstari mlangoni. Walipanda wenyewe vyumbani mwao, wakaona kama paa lavuja, kama kuni zimekwisha, kama watoto wana nguo. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Ozanam kuwa mwenye heri mwaka 1997, na Sista Rosalie mwaka 2003.

Na kwetu Kongo? Caritas ya nchi yetu iliundwa mwaka 1960. Mwaka 1961 maaskofu waliamua kujenga Eklezya juu ya jumuiya ndogo za waamini, ambazo sisi wa mashariki twaziita mashirika. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, moto ukapita katikati ya Goma, hata kanisa kuu likateketea. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Wengi walipokelewa katika nyumba za wenzao. Tukumbuke hili: mwenye kupokea jamaa mbili za wakimbizi, akiba yake ya mihogo na maharagi yaisha upesi, naye aona haya kuomba. Msaada usiohesabu aliyepokea wageni wamfanya naye maskini.

Kwa hiyo kila shirika liandike majina ya wenye shida, wa kabila letu na wasio wa kabila letu. Lipange siku za kupeleka chakula, na siku za kukata miti na kuezeka nyumba iliyoanguka. Lichague watu waaminifu, watoe hesabu mbele ya wote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MAULIZO

Ulizo: Kwa nini Mitume waliagiza wachaguliwe watu saba?
Jibu: Ili wajane wote wapate chakula, asisahauliwe hata mmoja.

Ulizo: Mtakatifu Vincent alijifunza nini Châtillon?
Jibu: Kwamba mapendo yasiyo na utaratibu hushibisha leo, huacha njaa kesho.

Ulizo: Katika shirika letu, ni nani ambaye jina lake halijaandikwa?
Jibu: Hilo tulijibu pamoja, kabla ya Dominika ijayo.