Jinsi ya kuchagua matairi ya gari la familia linalosukumwa na magurudumu yote manne

MATAIRI mawili yamechakaa, mawili bado yana meno, na karo ya shule inasubiri kulipwa. Katika hali kama hiyo wenye magari wengi huamua kununua mawili tu na kuahirisha mengine hadi mwisho wa mwaka. Kwa gari la kawaida linalosukumwa na magurudumu ya mbele pekee, uamuzi huo hauna madhara makubwa. Lakini kwa magari kama vile Subaru Forester, au Toyota RAV4 na Nissan X-Trail za muundo wa 4x4, ambayo nguvu za injini hufika katika magurudumu yote manne, akiba hiyo yaweza kuishia katika kununua giaboksi nyingine.

Magari ya aina hii yamekuwa kipenzi cha familia nyingi humu nchini. Huweza kubeba watoto, mizigo na wazee, hupita barabarani kwa wepesi wa gari dogo, na hayatishwi na tope la njia ya kuelekea mashambani. Hata hivyo, wengi huyanunua bila kuelezwa kwamba matairi yake manne hufanya kazi kama kitu kimoja.

Kwanza ni vyema kuhakikisha gari ni la aina gani. Si kila RAV4 au X-Trail husukumwa na magurudumu yote. Yapo yaliyoundwa kutumia ya mbele pekee. Fundi akichungulia chini ya gari na kuona mtaimbo mrefu wa kupeleka nguvu nyuma, pamoja na difu katikati ya magurudumu ya nyuma, basi hilo ni gari la magurudumu manne na maelezo yafuatayo yanalihusu.

Kwa nini yalingane

Gari linapokata kona, kila gurudumu husafiri mwendo wake. Yale ya nje huenda mbali zaidi kuliko ya ndani, na ya mbele huenda mbali zaidi kuliko ya nyuma. Ili tofauti hiyo isivunje vyuma, baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma huwekwa difu ya kati au seti ya sahani za klachi zinazobana na kulegea. Katika Forester nyingi zenye gia za mkono, difu ya kati husaidiwa na kifaa chenye giligili nzito ya silikoni. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakizunguka kwa kasi tofauti, giligili hiyo hupata joto na kubana.

Vifaa hivi vimeundwa kustahimili tofauti ndogo ya muda mfupi, kama ile ya kukata kona au ya gurudumu kuteleza matopeni. Havikuundwa kufanya kazi hiyo mfululizo kutoka Nairobi hadi Mombasa.

Chukua mfano wa tairi la ukubwa wa 215/65R16, ambalo hutumika katika baadhi ya X-Trail na Forester. Likiwa jipya huwa na kipenyo cha milimita 686 hivi na mzingo wa karibu milimita 2,155. Hivyo basi, huzunguka takriban mara 464 katika kila kilomita. Tairi jipya aghalabu huwa na meno ya kina cha milimita 8. Lililochakaa hadi kubakiwa na milimita 3 hupungukiwa na milimita 31 za mzingo, na hulazimika kuzunguka karibu mara saba zaidi katika kila kilomita. Katika safari ya kilomita 480 hivi ya kwenda Mombasa, ziada hiyo hupita mizunguko 3,000. Yote hayo humezwa na difu ya kati au klachi, ambazo hupata joto hata gari likienda moja kwa moja kwenye lami kavu.

Dalili za madhara hayo hutokea polepole. Dereva akizungusha usukani hadi mwisho katika maegesho, gari huwa zito na kujivuta kana kwamba breki zimeshikwa. Baadaye husikika mgongano hafifu kutoka chini, na hatimaye huja harufu ya mafuta ya giaboksi yaliyoungua. Kufikia hapo, bei ya matairi mawili yaliyoahirishwa huonekana ndogo mno.

Kampuni ya Subaru, katika maelekezo yake kwa wateja wa Marekani, hutaka tofauti ya mzingo baina ya matairi manne isizidi robo inchi, yaani milimita 6.4. Kwa kina cha meno, hiyo ni karibu milimita moja tu. Watengenezaji wengine huruhusu tofauti kubwa kidogo, lakini kanuni inabaki ile ile: matairi manne ya ukubwa mmoja, kampuni moja, muundo mmoja na uchakavu mmoja.

Kusoma ubavu wa tairi

Muuzaji huweza kusema lolote, ila ubavu wa tairi hausemi uongo. Katika maandishi 215/65R16 98H, 215 ni upana kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, R ni alama ya namna nyuzi za ndani zilivyosukwa, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 98 ni kipimo cha uzito ambao tairi moja laweza kubeba, yaani kilo 750. Herufi H huonyesha kwamba tairi limejaribiwa kwa mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa.

Kipimo cha uzito ndicho hupuuzwa zaidi. Familia ya watu watano inayorudi kutoka mashambani na gunia la viazi, mkungu wa ndizi na mitungi ya maziwa ni mzigo mkubwa. Tairi la namba 91, kwa mfano, hubeba kilo 615 pekee. Mnunuzi asikubali namba ya uzito au herufi ya mwendo iliyo chini ya ile iliyowekwa na mtengenezaji wa gari.

Vilevile asikubali kirahisi kushawishiwa kubadilisha ukubwa. Tairi la 215/60R16 huingia vizuri katika rimu ile ile, lakini kipenyo chake ni kifupi kwa asilimia tatu hivi. Likifungwa manne, kipimamwendo kitasoma 100 ilhali gari linakwenda 97, na tumbo la gari litakuwa karibu zaidi na mawe. Likifungwa moja tu pamoja na matatu ya ukubwa wa awali, madhara kwa difu ni makubwa kuliko ya tairi lililochakaa.

Ukubwa unaofaa huandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva. Kwa magari yaliyotoka Japani kibandiko hicho huwa kwa Kijapani, lakini tarakimu husomeka. Presha huonyeshwa kwa kilopaskali: 220 ni sawa na 32 katika pampu nyingi za vituo vya petroli, na 240 ni sawa na 35. Namba kubwa ya presha iliyochapwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo ambacho hakifai kupitwa, wala si kiasi cha kujaza kila siku.

Meno yaendane na njia

Kosa jingine ni kununua tairi la kupanda mlima kwa gari linalopeleka watoto shuleni. Matairi yenye meno mapana ya matope hupiga kelele kwenye lami, huongeza matumizi ya mafuta na hushika vibaya barabara iliyolowa. Kwa familia ambayo safari zake nyingi ni za lami, na ambayo huingia barabara ya changarawe mara moja moja, tairi la barabara kuu lenye mifereji mipana ya kutoa maji linatosha. Wanaopita kila siku kwenye udongo mweusi unaonata, kama ule wa sehemu za Kitengela na Athi River, huhitaji tairi la mchanganyiko, ambalo mara nyingi huwa na herufi A/T. Alama ya M+S nayo humaanisha kwamba meno yamepangwa kwa kuzingatia matope na theluji.

Matairi mengi huwa pia na alama tatu za Kimarekani. Alama ya kwanza ni namba ya uchakavu, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo tairi linavyotarajiwa kudumu, ingawa haifai kulinganisha namba za kampuni mbili tofauti. Ya pili ni ya kushika barabara yenye maji wakati wa kufunga breki, kuanzia AA hadi C. Ya tatu ni ya kustahimili joto, kuanzia A hadi C. Kwa safari ndefu za Pwani au Kaskazini katika jua kali, ni busara kutafuta A katika alama hii ya tatu.

Ikumbukwe kwamba kusukumwa na magurudumu manne husaidia gari kuondoka, wala hakulisaidii kusimama. Kwenye mteremko wakati wa masika, Forester yenye matairi kipara huteleza sawa na gari jingine lolote. Ndani ya mifereji ya tairi mna vinundu vidogo vilivyowekwa katika kimo cha milimita 1.6. Meno yakilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha, na kwa mvua za humu nchini ni afadhali kulibadilisha kabla ya kufika huko.

Umri na mitumba

Tangu kiwanda cha Sameer Africa jijini Nairobi, kilichotengeneza matairi ya Yana, kilipositisha uzalishaji mwaka 2016, wanunuzi wamebaki kutegemea matairi kutoka nchi za nje. Mengine hukaa melini, bandarini na ghalani kwa muda mrefu kabla ya kufika dukani. Kwa hivyo tarehe ni muhimu. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza kwa herufi DOT huwa na tarakimu nne: 2324, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2024. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka 10 hata kama meno yamebaki.

Matairi ya mitumba kutoka Japani huvutia kwa bei yake. Hata hivyo, mnunuzi hajui yaligonga nini wala yalizibwa wapi, na ni nadra kupata manne yenye uchakavu sawa. Baadhi yake, pamoja na yale yanayofika yakiwa yamefungwa kwenye magari kutoka maeneo ya baridi kama Hokkaido, ni ya majira ya theluji. Huwa na neno STUDLESS ubavuni. Mpira wake ni laini mno kwa lami yenye joto, huisha haraka na hurefusha mwendo wa kusimama. Rahisi huvunja upishi.

Tairi moja likipasuka

Je, itakuwaje shimo la barabarani likipasua tairi moja ilhali matatu yangali mazuri? Ikiwa hayo matatu yamechakaa kwa chini ya milimita moja au mbili, na kitabu cha gari kinaruhusu, tairi moja jipya la aina ile ile laweza kufungwa. Yakiwa yamechakaa zaidi, kuna njia mbili: kutafuta lililotumika la kampuni, muundo na kina kile kile, au kubadilisha yote.

Njia bora ni kujiandaa mapema. Ikiwa spea ya gari ni ya ukubwa kamili, nunua matairi matano na uiingize spea katika zamu pamoja na mengine, ili siku ya ajali ndogo iwe imechakaa sawa na wenzake. Ile spea nyembamba ya dharura ni ya kukufikisha kwa fundi wa pancha tu, kwa mwendo wa polepole. Baadhi ya Subaru za zamani zenye gia za kujiendesha huwa na nafasi ya fyuzi, chini ya boneti, ya kuzima msukumo wa nyuma wakati spea hiyo inatumika.

Baada ya kufunga

Matairi mapya yakifungwa kwenye gari ambalo magurudumu yake hayajanyooshwa, yataliwa upande mmoja katika miezi michache. Magurudumu na yanyooshwe na kusawazishwa siku hiyo hiyo, na nati zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi. Presha ipimwe asubuhi, kabla gari halijatembea, angalau mara moja kwa mwezi.

Hatimaye, matairi yabadilishane nafasi kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000. Kwa wenye kufanyia gari huduma kila kilomita 5,000, hiyo ni kila huduma ya pili. Yale yenye mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka yahamishwe mbele na nyuma bila kuvuka upande. Siku hiyo fundi apime kina cha meno ya kila tairi na kukiandika kwenye daftari la gari. Tofauti ikianza kukaribia milimita moja, ni wakati wa kutafuta chanzo chake, kabla difu haijaanza kulipia.