Njia ya Tabora Ikomeapo Baharini

Mgeni afikaye Saadani hulakiwa na kimya. Katika hifadhi hii ya taifa iliyopakana na Bahari ya Hindi, ndovu huteremka hadi mchangani, kasa hutaga mayai ufukweni Madete, na aliyelala hemani husikia mawimbi usiku kucha. Aghalabu mgeni huondoka akidhani kwamba nchi hii tangu azali ilikuwa ya wanyama.

Sivyo. Katika karne ya 19 Saadani ilikuwa bandari iliyoelekeana na Unguja. Kutoka hapo njia ilipanda Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ikaingia Unyanyembe penye Tabora, ambako wafanyabiashara wa pwani walijenga matembe. Merikani, kaniki na shanga zilikwenda bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na pamoja nazo wanadamu waliofungwa minyororo.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu wa ujira, waliomfuata kirangozi kwa miezi na mizigo mabegani. Kwa nini bega, wala si gari? Mwaka 1876 wamisionari wa Kiingereza walijaribu ng'ombe wa kukokota kutoka Saadani. Mwaka 1877 Alexander Mackay akafyeka barabara hadi Mpwapwa. Mbung'o wakawaua ng'ombe, na mizigo ikarejea mabegani mwa watu.

Mwaka 1889 Wajerumani waliipiga Saadani kwa mizinga. Bwana Heri bin Juma, mtawala wake, akapigana hadi mwaka 1890 alipofanya suluhu. Kisha reli iliyoanzia Dar es Salaam ikafika Tabora mwaka 1912, na msafara wa miguu ukakosa kazi. Saadani ikafifia, pori likasogea. Miaka ya 1960 likawa pori la akiba, na mwaka 2005 hifadhi ya taifa.

Kimya cha Saadani, basi, ni kimya cha soko lililofungwa. Huko Kwihara, jirani na Tabora, tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 lilijengwa upya likawa makumbusho. Nao waliobeba pembe na vitambaa? Walichoacha ni njia yenyewe, nayo imefunikwa na majani. Akanyagaye mchanga wa Saadani na ajue kwamba hapo ndipo Mnyamwezi alipotua mzigo wake, akaiona bahari.