Mchomo: Jina Stahiki la Zhenjiu kwa Kiswahili

Miongoni mwa istilahi za afya zilizoingia katika Kiswahili kwa haraka na kukubaliwa bila kuhojiwa, hakuna inayostahili kupingwa kama "tiba ya sindano", jina ambalo vipeperushi, mabango ya zahanati na baadhi ya orodha za istilahi huupa utabibu wa Kichina wa kuchomeka sindano nyembamba katika sehemu maalumu za mwili. Kwa msemaji wa kawaida, sindano ya hospitali ni ile inayobeba dawa: Mtanzania huchomwa sindano, Mkenya hudungwa sindano, na wote wawili humaanisha dawa iliyomo zaidi ya chuma kinachoipitisha. Sindano ya Kichina haina tundu wala haibebi dawa yoyote, unene wake mara nyingi ni kama robo ya milimita, na ikishachomekwa huachwa mwilini kwa dakika 15 hadi 30 ndipo iondolewe. Mgonjwa aliyeandikiwa "tiba ya sindano" ana haki ya kuuliza atachomwa dawa gani, na istilahi inayomlazimu tabibu kuanza kwa kukana kile ambacho jina lake limekwisha kuahidi ni istilahi mbovu.

Wanaolikwepa tatizo hilo hukimbilia "akupancha", wakidhani kwamba kukopa ni kubaki upande salama, kumbe wanakopa kosa la watu wengine. Neno hilo halikuzaliwa China. Lilibuniwa kwa Kilatini na Willem ten Rhijne, daktari Mholanzi aliyefanya kazi katika kituo cha biashara cha Dejima, Nagasaki, kati ya 1674 na 1676, kisha akachapisha London mwaka 1683 maelezo ya utabibu aliouona huko Japani. Aliunganisha acus, yaani sindano, na punctura, yaani tendo la kuchoma kwa ncha, akapata acupunctura, jina linaloeleza vizuri nusu ya kitu na kuiacha nusu ya pili nje.

Wachina wenyewe husema zhenjiu, na maneno hayo ni mawili yaliyoshikamana. Zhen ni sindano, na alama yake ya maandishi imejengwa juu ya alama ya metali. Jiu ni tiba ya moto, na alama yake imebeba alama ya moto chini yake: tabibu huchukua majani makavu ya mmea uitwao ai, ulio wa jamii ya pakanga, mmea mchungu ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili huujua kwa jina la nyota ya Ufunuo, akayatwanga mpaka yawe laini kama sufi, akayafinyanga kuwa vijipia au vijiti, kisha akayachoma juu ya ngozi au karibu nayo, katika sehemu zile zile zinazopokea sindano. Mambo haya mawili hayakutenganishwa na waasisi wake. Huangfu Mi, aliyeupanga utabibu huu katika karne ya 3, aliyaweka yote mawili katika jina la kitabu chake, Zhenjiu Jiayi Jing, na UNESCO ilipouingiza utabibu huo katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika mwaka 2010, iliutaja kwa pande zake zote mbili. Ulaya ndiyo iliyoutenganisha, kwa sababu habari za moto zilitangulia kuifikia kwa kitabu kingine, cha Hermann Buschoff, mchungaji Mholanzi wa Batavia, kilichochapishwa mwaka 1674, zikija na neno moxa lililotokana na Kijapani mogusa. Vitabu viwili vikazaa majina mawili, na tangu hapo lugha za Ulaya zimelazimika kuyaunga kwa kiunganishi yaliyokuwa neno moja.

Kiswahili hakihitaji kiunganishi hicho, kwa kuwa kina kitenzi choma, ambacho kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliziweka maana zake chini ya neno moja: kupenya kwa kitu chenye ncha, na kuunguza kwa moto. Mwiba huchoma na jua huchoma. Fundi cherehani hujichoma kwa sindano na mkaa humchoma anayeuchochea. Hata maneno makali huchoma, bila msikilizaji kujali kama amechomwa kwa ncha au kwa moto. Nomino yake, mchomo, hubeba maana zote mbili pamoja na ile hisia inayoufuata mguso, ambayo matabibu wa Kichina huitafuta makusudi na kuiita deqi, yaani kufika kwa qi, ile nguvu wanayoamini kwamba hupita katika njia za mwili. Ni lugha chache zinazoweza kuipokea zhenjiu kwa mzizi mmoja bila kuipunguza, na Kiswahili ni mojawapo. Inasikitisha kwamba lugha yenye utajiri huo imeachwa iombe kwa jirani aliyekuwa na nusu tu ya kitu.

Ipo kamati, ambayo haina haja ya kutajwa, iliyopelekewa pendekezo la "tiba ya mchomo", au "mchomo" peke yake pale muktadha unapojitosheleza, ikalikataa bila hoja ya maandishi na badala yake ikapendelea "tiba vitobo". Kitobo ni tundu dogo linalobaki, nayo sindano hii hufanywa nyembamba makusudi ili isiache tundu. Zaidi ya hayo, moto wa pakanga hautoboi chochote, hivyo kamati hiyo imerudia upungufu wa ten Rhijne bila kuwa na udhuru wake wa kuwa mgeni.

Wapinzani wengine, wenye elimu zaidi, husema kwamba mchomo humtisha mgonjwa kwa kuwa hutaja maumivu. Hoja hiyo inasahau historia ya msamiati wa afya wa lugha hii. Chanjo imetokana na chanja, kitenzi cha kukata ngozi kwa wembe, kile kile kinachotumika kwa kuchanja chale. Neno hilo halikuwazuia wazazi kuwapeleka watoto wao kliniki, na linaendelea kutumika ingawa chanjo nyingi leo hutolewa kwa sindano au kwa matone bila wembe wowote. Kichomi, jina la maumivu makali ya ubavu, limetokana na kitenzi hiki hiki cha choma. Mfano ulio karibu zaidi na China ni dawa mseto. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake, wakiongozwa na maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4, walitenga artemisinini mwaka 1972 kutoka katika mmea mwingine wa jamii ya pakanga, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa za malaria zilizotokana nayo, ambazo huchanganywa na dawa nyingine ili vimelea visizizoee, zilipofika katika hospitali za Tanzania ziliitwa kwa jina la chakula cha nyumbani, na hakuna mgonjwa aliyedhani kwamba anapewa choroko na wali.

Faida kubwa ya mchomo ni kwamba huzaa. Mchomo wa sindano na mchomo wa moto hutofautisha pande mbili za zhenjiu. Mchomo wa umeme hutaja ule ambao sindano zake huunganishwa na mkondo hafifu wa umeme. Vituo vya mchomo ni zile sehemu 361 za jadi ambazo Shirika la Afya Duniani limeziwekea majina sanifu. Watafiti nao wanahitaji mchomo bandia, yaani ule unaofanywa nje ya vituo au kwa sindano isiyopenya ili kulinganisha matokeo, kwa kuwa majaribio makubwa ya Ujerumani juu ya maumivu ya mgongo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba mchomo halisi na mchomo bandia yote miwili iliwapa wagonjwa nafuu zaidi ya matibabu ya kawaida, huku tofauti baina ya hiyo miwili ikiwa ndogo. Mjadala huo mzito hauwezi kuandikwa kwa Kiswahili kwa kutumia "sindano bandia", ambayo msomaji ataielewa kuwa dawa ya kughushi.

Imedaiwa pia kwamba mtendaji wake ataitwa mchomaji, na mchomaji ni mtu anayechoma misitu au mahindi. Ataitwa tabibu wa mchomo. Katika matumizi ya kila siku inatosha kuandika kwenye kadi ya mgonjwa "mchomo wa sindano, bila dawa", pamoja na idadi ya vituo na muda wa sindano kukaa mwilini.